Parachichi, yai na mkate asubuhi ya Madaraka

Kila ifikapo tarehe 1 Juni Wakenya huikumbuka siku ile ya mwaka wa 1963 walipoanza kujitawala katika mambo yao ya ndani, miezi sita na ushei kabla ya uhuru kamili. Gwaride huandaliwa, hotuba husomwa, na alasiri nyama huchomwa hata katika nyumba ambazo huionja kwa nadra. Asubuhi ya siku hiyo, hata hivyo, haina lolote la kuitofautisha na asubuhi nyingine. Ni chai, ya rangi au ya maziwa kwa kadiri ya mfuko, na mkate uliopakwa mafuta ya kiwandani au usiopakwa kitu. Baada ya hapo kila mtu huenda zake.

Makala haya ni utetezi wa mlo mmoja mdogo: slesi ya mkate iliyobanikwa, ikapakwa parachichi lililopondwa, ikawekewa yai juu yake na kupambwa kwa nyanya na dhania. Najua wapo walimu wenzangu watakaocheka kwamba nimekosa la kuandika. Nawaomba subira, maana katika kisahani hicho mna kilimo, biashara, ushuru, sayansi na hata siasa ya makazi, na sioni kwa nini haya yote yaachiwe vitabu vya kozi peke yake.

Nianze na majira. Huku kwetu wengi hufikiri kuwa sikukuu ni Krismasi, na hapo ndipo parachichi hukataa kushirikiana nasi. Msimu mkubwa wa tunda hili katika maeneo ya Murang'a, Kiambu, Kirinyaga na Kisii huanza karibu na mwezi Machi na kuendelea hadi Agosti au Septemba. Mwisho wa mwaka mengi yaliyo mitini huwa bado machanga. Ndiyo maana Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa na desturi ya kusimamisha uvunaji wa matunda ya kuuzwa ng'ambo mwaka unapoelekea ukingoni, kama ilivyofanya Novemba 2022. Anayenunua parachichi la Disemba bila kujua lilikotoka aghalabu hujikuta na tunda linalonywea kama mpira uliotoboka, lisiloiva hata likiwekwa wiki mbili. Mwezi wa Juni ni kinyume cha hayo. Matunda yamekomaa, yamejaa mafuta, na hupatikana kwa wingi hata kwenye vibanda vidogo kabisa.

Pili ni rangi. Ute wa yai ni mweupe, nyanya ni nyekundu, parachichi ni kijani, na pilipili manga iliyosagwa ni nyeusi. Hizo ndizo rangi nne za bendera yetu, na mtoto wa darasa la pili atazitambua bila kuambiwa. Sidai kuwa mlo huu ni wa kizalendo kuliko uji; nasema tu kwamba sikukuu hutaka pambo, na pambo hili halihitaji kununuliwa dukani.

Sasa niliguse jambo linalonikera. Tosti ya parachichi imepewa jina baya duniani, jina la anasa ya vijana wasiojua kuweka akiba. Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeifanya iwe chakula cha mkahawani ni mpishi wa Australia, Bill Granger, aliyefungua mkahawa wake mtaani Darlinghurst, Sydney, mwaka wa 1993, naye akafariki siku ya Krismasi ya mwaka wa 2023. Kutoka huko mlo huo ukasambaa hadi London na New York, bei ikipanda katika kila kituo. Mwaka wa 2016 mwandishi mmoja wa gazeti nchini Australia, Bernard Salt, aliandika kwa dhihaka kuhusu vijana wanaolipa dola 22 kwa sahani moja ilhali wangeweza kuweka fedha hizo akiba ya nyumba. Mwaka uliofuata tajiri wa majumba Tim Gurner akayasema kama hayo kwenye televisheni, bila dhihaka yoyote, na dunia nzima ikamrukia. Kwa fikira za watu hao, kijana hakosi nyumba kwa sababu nyumba ni ghali. Hukosa kwa sababu amekula parachichi.

Naishi Nyayo Highrise, na hoja hiyo ikifika hapa hugeuka kichekesho. Mtaa wetu ni wa maghorofa yaliyojengwa na Shirika la Nyumba la Taifa kwenye ardhi iliyomegwa kutoka Kibera, ukapewa jina la falsafa ya Rais Moi ya kufuata nyayo. Ukisimama kwenye roshani upande mmoja, unayaona mabati ya Soweto Mashariki na Laini Saba yameenea hadi macho yanapokoma. Wazee wa Kibera hawajasahau kwamba wengi wa waliohamishwa ili maghorofa haya yasimame sio waliokuja kupewa funguo. Funguo zilikwenda kwa watu wenye mishahara. Mimi ni mmoja wa waliofaidika na mkondo huo, kwani napanga nyumba kutoka kwa mwenye nyumba aliyepanga au kununua kutoka kwa mwingine. Wanubi, ambao wazee wao waliletwa hapa wakiwa askari wa Waingereza na ambao lugha yao ndiyo iliyolipatia eneo hili jina la Kibra, yaani msitu, walingoja hadi mwaka wa 2017 kupata hatimiliki ya jamii ya ekari 288, wakati hifadhi iliyotengwa mwaka wa 1918 ilizidi ekari 4,000. Nani basi atawaendea watu hawa awaambie kuwa parachichi ndilo lililowanyima nyumba? Wamelila miaka yote, pamoja na githeri, wali, maharagwe au ugali, kwa sababu lilikuwa kitoweo cha bei nafuu kuliko vyote. Huku ndiko lilikokuwa siagi ya maskini kabla ya Sydney kulijua.

Hata hivyo, sifa hiyo ya unafuu inaanza kutikisika. Nje ya lango letu kuna mama auzaye mboga na matunda, ambaye nimekuwa mteja wake kwa miaka. Juzi nilipokuwa nikiyabonyeza matunda yake aliniambia, "Mwalimu, usiyaumize. Yale makubwa unayoyatafuta yamepanda meli." Nikamuuliza meli gani. "Za Mombasa. Dalali anakuja shambani na kreti zake, anachagua, anaondoka. Sisi tunaletewa yaliyobaki." Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Maneno yake yana ukweli mwingi. Katika muongo uliopita Kenya iliipita Afrika Kusini na kuwa miongoni mwa wauzaji wakuu wa parachichi ng'ambo barani. Soko la China lilifunguliwa kwa matunda yaliyogandishwa mwaka wa 2019, kisha kwa matunda mabichi mwaka wa 2022. Sehemu kubwa ya shehena husafiri baharini katika makontena yenye baridi, na mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozilazimisha meli kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mwanzoni mwa mwaka wa 2024, wakulima wetu walilipia umbali huo kwa matunda yaliyofika Ulaya yakiwa yameanza kulainika. Sina ugomvi na mkulima wa Murang'a anayeng'oa mibuni yake ili apande miparachichi. Kahawa ilimtesa vya kutosha. Naona tu kwamba tunda linaloitwa dhahabu ya kijani halitakaa muda mrefu katika sahani ya mtu wa Laini Saba, na kwamba tukitaka watoto walizoee, wakati ni huu ambao bado lipo kibandani.

Tuingie jikoni sasa. Atakayefuata maelezo haya aanze siku tatu au nne kabla ya sikukuu, maana parachichi lina tabia moja ya ajabu: haliivi likiwa mtini. Hukomaa huko, likalainika tu baada ya kuchumwa. Ununue lililo gumu, ulifunge ndani ya karatasi pamoja na ndizi iliyoiva, au ulizike katika debe la unga kama wafanyavyo mama zetu. Ndizi hutoa gesi ya ethilini ambayo huliharakisha tunda jirani kuiva, na karatasi au unga huizuia gesi hiyo isitoroke. Mama zetu hawakulijua jina la gesi hiyo, lakini kazi yake waliijua vyema.

Kuhusu aina, sokoni utakutana na tatu. Fuerte lina ngozi laini inayobaki kijani hata likiiva. Mti wake ulitoka Mexico mwaka wa 1911 na ukapewa jina hilo, lenye maana ya nguvu, baada ya kustahimili baridi kali ya California ya mwaka wa 1913. Hass, lililopewa jina la mtarishi wa California, Rudolph Hass, aliyelisajili mwaka wa 1935, lina ngozi yenye vipele inayogeuka kuwa nyeusi nyeusi. La tatu ni la kienyeji, kubwa, lenye maji zaidi na nyuzi kidogo. Wauzaji wa ng'ambo huling'ang'ania Hass kwa kuwa ngozi yake nene huvumilia safari. Kwa mlo huu mimi nalipendelea Fuerte, ambalo utamu wake haupungui kwa kuwa halipendwi na meli. Usilibonyeze tumboni kulipima. Bonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, polepole. Likiitikia, limekuwa tayari.

Hapa niseme neno kwa wanafunzi. Kamusi zinatupa "parachichi", watu wa pwani na visiwani wana "embe mafuta", na Nairobi yote husema "avokado", neno lililotoka kwa Waazteki, waliosema ahuacatl, likapitia kwa Wahispania. Mwalimu anayelikata neno "avokado" kwa kalamu nyekundu anakata msamiati wa jiji zima. Mimi naandika parachichi kwa kuwa nalipenda, wala si kwa kuwa lile jingine ni haramu.

Yai. Litumbukize kwanza katika bakuli la maji baridi. Likizama na kulala chini ni bichi na zuri, likielea liache, kwa kuwa hewa imejaa ndani yake kadiri lilivyozeeka. Maji yakishachemka vizuri, yateremshe mayai kwa kijiko. Vitabu vingi vya mapishi vitakuambia dakika 7 kwa kiini kinachotelezateleza na dakika 10 au 11 kwa kiini kigumu. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliokaa karibu na usawa wa bahari. Mtaa wetu uko takriban mita 1,700 juu yake, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ongeza dakika moja na nusu au mbili. Mwalimu wa Sayansi mwenye kutaka somo lisilosahaulika na awaagize wanafunzi wapige simu kwa jamaa walioko Mombasa, kila upande uchemshe yai kwa dakika saba kamili, kisha walinganishe viini. Ukitoa mayai, yatie katika maji baridi mara moja, ndipo maganda yatakapotoka bila kung'ang'ania ute.

Kachumbari itengenezwe wakati mayai yakichemka. Nyanya mbili zilizoiva zitolewe mbegu, zikatwe vipande vidogo. Kitunguu nusu kikatwe chembamba, kifikichwe kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali upungue. Dhania, na pilipili kwa anayeiweza. Jambo la kufurahisha ni kwamba mafuta ya parachichi huusaidia mwili kufyonza ile rangi nyekundu ya nyanya yenye manufaa, kwa hiyo vyakula hivi viwili vinapokutana hufaana zaidi ya ladha tu. Yai nalo huleta kama gramu 6 za protini. Hakuna aliyekula hivi saa moja asubuhi atakayeanza kusinzia kabla ya saa nne.

Parachichi lipasuliwe mwisho kabisa. Nyama yake ikikutana na hewa, vimeng'enya vilivyomo huibadilisha rangi ikawa ya kahawia. Kamulia nusu ndimu, tia chumvi, ponda kwa uma. Usilisage likawa kama uji. Acha vijibonge vidogo ambavyo ulimi utavitambua. Wapo wanaoamini kwamba kuliacha kokwa ndani ya bakuli huzuia weusi. Kokwa hulinda pale tu linapofunika. Kazi iliyobaki ni ya ndimu.

Mkate hauhitaji mashine. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, laza slesi, ugeuze upande wa pili ukishapata rangi ya dhahabu. Wenye jiko la makaa wana bahati zaidi, kwani mkate uliobanikwa juu ya wavu wa makaa yaliyoanza kufifia una harufu ambayo mtambo wa umeme haujawahi kuitoa. Paka parachichi mkate ungali moto, panga vipande vya yai, nyunyiza kachumbari iliyochujwa maji, maliza kwa pilipili manga. Kuleni hapo hapo. Baada ya dakika kumi mkate utakuwa umelowa.

Atakayeona haya yote ni mageni aende kituo chochote cha matatu saa ya magharibi. Atamwona kijana na toroli yake akiuza mayai pasua, yaani yai la kuchemsha lililopasuliwa kati na kujazwa kachumbari. Tofauti kati ya yai hilo na sahani ya dola 22 ni slesi moja na kipande cha parachichi.

Slesi hiyo yenyewe, lakini, si ya kupuuzwa. Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2024 ulipendekeza mkate wa kawaida utozwe ushuru wa ziada ya thamani wa asilimia 16. Nilifanya hesabu hiyo ubaoni na wanafunzi wangu: mkate wa shilingi 65 ungepanda hadi shilingi 75 na senti 40. Mvulana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa upande wa pili wa ukuta, aliinua mkono akauliza kama wanaotunga sheria hizo hununua mkate mzima au nusu. Kwao hununuliwa nusu. Sikuwa na jibu, wala darasa halikucheka. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, wiki moja kabla ya vijana kuingia Bungeni tarehe 25, na sisi tuliokuwa na chaki mkononi tuligundua kuwa wanafunzi walikuwa wameusoma mswada kuliko sisi.

Namkumbuka mvulana huyo ninaposikia walimu wakilalamika kuwa watoto hawasikilizi saa za asubuhi. Waliosoma tangu mwaka wa 1979 wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti zenye pembe tatu yaliyogawiwa shuleni bure, na wapo watu wazima wenye mvi ambao watakuambia kwamba walikwenda shule kwa ajili yake. Mpango huo ulizimika. Tangu mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi ina mpango wa chakula cha mchana ambapo mtoto wa shule ya umma hulipa shilingi 5, nao ni wa kusifiwa. Lakini mchana ni mbali kwa mtu aliyelala na njaa, na mpango huo haufiki kwa mvulana wangu kwa kuwa yuko sekondari.

Kuna pia suala la mtaala wa umilisi, ambao umewafanya wazazi kugombana na walimu kuhusu vifaa. Mtoto huambiwa alete hiki na kile cha mapishi, na mzazi wa Laini Saba hutazama orodha akaikunja. Napendekeza kwa walimu wa Sayansikimu mlo huu kwa sababu hauna tanuri wala mizani. Parachichi moja kubwa hutosha slesi nne, yai moja slesi mbili. Wanafunzi wanne wakichangiana, hapana anayeaibika. Ila nashauri mchango ukusanywe kimya kimya, na mwalimu aweke cha kufidia mfukoni mwake, maana katika kila kundi la wanne hapa kwetu kuna mmoja ambaye atasema amesahau nyumbani, na hajasahau.

Mwaka uliopita tulifanya hivyo siku ya mwisho ya masomo kabla ya Madaraka. Makokwa hatukuyatupa. Wanafunzi waliyachoma vijiti vitatu vitatu, wakayaning'iniza juu ya vikopo vya maji dirishani, na baada ya majuma kadhaa mengine yakapasuka na kutoa mizizi. Niliwaonya kwamba mti wa kokwa huchukua miaka mingi kuzaa, na tunda lake halifanani na la mama yake. Ili wapate Fuerte halisi itabidi tupandikize kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa. Miche mitatu sasa ina kimo cha magoti. Kwenye maghorofa yetu uwanja umewekwa saruji, na upande wa pili wa ukuta hakuna nafasi hata ya kupitishia mkokoteni. Mvulana yule wa nusu mkate ndiye anayeimwagilia maji, naye ameniuliza mara mbili itapandwa wapi. Nimemwandikia mwalimu mkuu kuomba kona iliyo nyuma ya maabara, pale palipokuwa na tangi la zamani.